Mradi wa majitaka kijijini usipimwe siku ya kufunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nijibu fikra ambayo nimeikuta mara nyingi, hata kwa watu wenye dhamana ya kupanga maendeleo, kwamba usafishaji wa majitaka ni shughuli ya miji, na kwamba kijiji kidogo chenye nyumba zilizotawanyika na ardhi ya kutosha hakina haja nao. Fikra hiyo ilikuwa na ukweli wake pale kila kaya ilipochota maji kwa ndoo na kutumia choo cha shimo kikavu. Siku maji ya bomba yanapoingia ndani ya nyumba ukweli huo hukoma, na kwa kawaida hakuna anayekwenda kuwaambia wanakijiji.

Chukulia kijiji cha watu 2,000. Mtu anayechota maji mbali hujikimu kwa lita 20 hivi kwa siku. Akipata bomba uani au ndani matumizi yake hupanda, na si ajabu yakafika lita 80. Wasanifu hukadiria kwamba asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu, kwa hiyo kijiji hicho kitakuwa kinatoa takriban mita za ujazo 128, yaani lita 128,000, kila siku. Maji hayo lazima yaende mahali. Yakielekezwa kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa matumizi makavu, mashimo hujaa kabla ya wakati wake, kuta hubomoka, na maji yanayozama ardhini huteremka na vijidudu pamoja na naitreti, chumvi itokanayo na uchafu huo, hadi kwenye maji ya visima. Kanuni ya kuacha mita 30 kati ya choo na kisima, na ya kuhakikisha kitako cha shimo kiko angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, inajulikana na wengi. Kinachosahaulika ni kwamba kanuni hiyo haitoshi penye miamba yenye nyufa, ambamo maji machafu husafiri mbali na kwa haraka bila kuchujwa na udongo, na kwamba kadiri maji mengi yanavyomwagwa shimoni ndivyo uchafu unavyosukumwa mbali zaidi.

Ni vyema pia ijulikane tunataka kuondoa nini hasa. Majitaka ya majumbani ni maji kwa asilimia 99.9, na taabu yote imo katika hiyo sehemu ndogo iliyobaki. Sehemu yake ya kwanza ni uchafu unaooza, ambao hupimwa kwa kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na bakteria wanapoula kwa muda wa siku 5 katika nyuzijoto 20. Mtu mmoja hutoa uchafu unaohitaji kati ya gramu 40 na 60 za oksijeni kwa siku. Ukiumwaga mtoni, bakteria wa mtoni hufanya kazi hiyo kwa kutumia oksijeni ya samaki, na samaki hufa. Sehemu ya pili ni vimelea vya magonjwa: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara kwa watoto, na mayai ya minyoo, ambayo yale ya askaris, minyoo mirefu ya tumboni, huweza kukaa hai udongoni kwa miezi mingi na hata miaka. Ya tatu ni naitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea shambani na balaa ziwani.

Hapa niseme jambo moja ambalo huwaponyoka hata wataalamu wanaonakili michoro ya nchi zinazotumia maji mengi. Kijiji kinachotumia maji kidogo hutoa majitaka machache lakini makali. Tukichukua gramu 45 kwa mtu, na lita 64 za majitaka kwa mtu katika mfano wangu, tunapata miligramu 700 hivi kwa lita, ambayo ni karibu maradufu, au zaidi, ya ukali unaozoeleka katika miji ambako mtu mmoja hutumia lita 150 au 200. Mtambo uliosanifiwa kwa majitaka mepesi, ukiletwa kijijini kwa kuhesabu ujazo wa maji peke yake, utakuwa umezidiwa tangu wiki ya kwanza.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ya yote ni klorini. Klorini inafaa kwa maji safi, na inaweza kutumika kwa majitaka yaliyokwisha kusafishwa vizuri. Katika majitaka yenye tope humalizwa na uchafu kabla haijawafikia bakteria, na hata inapobaki haiyadhuru mayai ya minyoo kwa kiwango chochote cha maana. Wengine hujibu kwamba inatosha kuyapeleka mbali kwa bomba. London ilifanya hivyo baada ya kiangazi cha mwaka 1858, wakati uvundo wa mto Thames ulipowafikia wabunge ndani ya Bunge lao, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa iliyopeleka majitaka mashariki mwa mji. Mji ulipona kipindupindu, na hiyo si sifa ndogo, lakini uchafu ulikuwa umehamishwa tu: ulimwagwa mtoni vilevile, mbele kidogo, kwa watu wengine. Kijiji kidogo hakina huo upande wa pili wa kuutupia. Kwa kawaida mkondo wake unaishia kwenye kisima, shamba au malambo ya kijiji jirani.

Basi majitaka ya kijiji yasafishwe kwa njia gani? Hapa ndipo ninapotofautiana na walio wengi, na ndicho kiini cha barua hii. Mjadala wa vijijini huendeshwa kana kwamba swali ni la teknolojia, ilhali karibu kila njia inayojulikana husafisha vizuri ikitunzwa, na karibu kila njia hushindwa isipotunzwa. Swali linalopaswa kutangulia ni nani ataitunza, kwa ujira gani, na tope, yaani uchafu unaotuama chini, litakwenda wapi. Mfumo uchaguliwe kwa majibu hayo, wala si kinyume chake.

Tazama mtambo wa kupuliza hewa, ambao wafadhili na wauzaji hupenda kuuleta ukiwa umefungwa ndani ya kasha la chuma kama friji. Njia yenyewe ni nzuri, na ina heshima yake tangu Edward Ardern na William Lockett walipoitangaza mjini Manchester mwaka 1914: hewa hupulizwa ndani ya tangi, bakteria huzaliana na kushikamana kuwa mabonge laini, mabonge hutuama katika tangi la pili, na sehemu yake hurudishwa kufanya kazi tena. Mitambo mingi mikubwa duniani hutumia njia hiyo hadi leo. Lakini bakteria hao wanataka hewa usiku na mchana. Umeme ukikatika, oksijeni iliyomo tangini huisha upesi. Ukikatika kwa siku kadhaa kundi lote huharibika, na kulijenga upya huchukua wiki. Mtambo huo pia huzalisha tope la ziada ambalo lazima liondolewe mara kwa mara, karibu kila siku, na kipulizo chake kina mikanda, vichujio na vipuri vinavyotoka mbali. Panapokosekana ardhi kabisa, au penye baridi kali, huenda usiwepo mbadala. Ila kijiji chenye ardhi na jua kinachonunua mashine ya kufanya kazi ambayo jua lingeifanya bure kimejitwisha mzigo, hata kama mashine yenyewe ilitolewa zawadi.

Njia ambayo mimi huipa nafasi ya kwanza ni mabwawa ya majitaka. Watu wengi huyadharau kwa kuwa yanaonekana kama madimbwi, na kwa kuwa hayana kitu cha kung'aa cha kuwaonyesha wageni. Kazi yake hata hivyo ni ya ustadi. Katika bwawa lenye kina cha mita 1.5 hivi uchafu mzito hutuama na kuozea chini pasipo hewa. Juu yake mwani, yaani mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho, hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni. Bakteria huitumia oksijeni hiyo kuula uchafu ulioyeyuka, nao huwarudishia mwani hewa ya kaboni wanayoihitaji. Hakuna pampu, hakuna kipulizo. Yakifuatiwa na mabwawa mengine mawili au matatu ya kina kifupi zaidi, jua na muda huua vimelea vilivyosalia, na mayai ya minyoo, ambayo ni mazito kuliko maji, huzama na kubaki chini.

Hesabu ya kijiji chetu cha watu 2,000 ni hii. Uchafu wao ni sawa na kilo 90 kwa siku. Penye joto la nyuzi 25, kanuni ya usanifu inayotumika sana huruhusu kilo 350 kwa hekta moja kwa siku katika bwawa la kwanza lenye mwani, kwa hiyo bwawa hilo litahitaji robo hekta na ushei, na maji yatakaa ndani yake mwezi mmoja hivi. Mabwawa mawili madogo ya kumalizia, kila moja likishikilia maji kwa siku 5, yataongeza mita za mraba 1,300 kwa pamoja. Ukijumlisha matuta, njia ya kupita na uzio, unazungumzia chini ya hekta moja. Kwa kijiji kilichopangwa mapema, hilo ni eneo la uwanja wa mpira.

Wasanifu wengi watasema, nami najua hoja yao, kwamba eneo hilo linaweza kupunguzwa sana kwa kutanguliza bwawa refu la kwenda chini, la mita 3 au zaidi, lisilo na hewa kabisa, ambalo katika joto hilo huondoa asilimia 70 ya uchafu kwa siku 2 tu. Kitabuni ni kweli. Kwa kijiji chetu bwawa hilo lingekuwa na mita za ujazo 257 hivi. Lakini kanuni hiyohiyo ya usanifu hukadiria mita za ujazo 0.04 za tope kwa kila mtu kwa mwaka, yaani 80 kwa kijiji kizima, na husema tope litolewe likifika theluthi moja ya bwawa. Theluthi ya 257 ni 86. Maana yake ni kwamba bwawa hilo linapaswa kutolewa tope kila mwaka, au likiwa na bahati kila baada ya miaka miwili, ilhali bwawa pana lenye mwani linaweza kupita miaka kumi na zaidi kabla ya kuhitaji kazi hiyo. Mji wenye idara, magari na bajeti ufuate hesabu ya bwawa refu. Kijiji chenye ardhi na kisicho na gari la kunyonya majitaka kifuate ya bwawa pana, kilipie ardhi zaidi mara moja na kujipatia miaka ya kupumua. Sijui kwa nini uamuzi huu huachiwa msanifu peke yake, wakati atakayeishi nao ni mwanakijiji.

Bwawa la majitaka lina lugha yake, na mtunzaji asiye na maabara anaweza kuisoma. Likiwa na rangi ya kijani iliyokolea, mwani wapo na kazi inaendelea. Likigeuka waridi au zambarau, bakteria wanaopenda salfa wamechukua nafasi, na hiyo ni dalili kwamba uchafu unaoingia umezidi uwezo wa bwawa. Likiwa la kijivu au jeusi, na mapovu yakipanda na harufu ya yai viza, oksijeni imekwisha, na kabla ya kulaumu bwawa ni vyema kuuliza ni nani aliyeanza kumwaga humo damu ya machinjio au mabaki ya kiwanda kidogo cha maziwa. Kazi za kila siku ni nyepesi mno kiasi kwamba hudharauliwa: kuondoa matambara na takataka zilizonaswa kwenye nondo za mlango wa kuingilia na kuzifukia, kukwangua utando uliokusanyika kwenye pembe, kufyeka majani yanayoota ukingoni na kuning'inia majini, kwa kuwa hapo ndipo mbu wanapotaga. Mabwawa mengi yanayolaumiwa kwa kuleta mbu hayakuleta mbu yalipokuwa na fyekeo na mtu wa kuishika. Na uzio si pambo. Bwawa la kijani lililotulia humvutia mtoto.

Ardhi ikiwa haba au nyumba zikiwa mbalimbali mno, tangi la majitaka la kila nyumba au la nyumba kadhaa linabaki kuwa jibu halali, mradi lijengwe kama tangi. Ninayoyaona mengi yakiitwa hivyo ni mashimo yenye mfuniko wa zege. Tangi halisi halivuji, lina vyumba viwili, cha kwanza kikiwa theluthi mbili ya urefu, na lina bomba la umbo la T kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, ili mafuta yanayoelea na tope lililotuama vyote vibaki ndani na maji ya katikati peke yake yapite kwenda kwenye shimo au mitaro ya kufyonzea. Hata likijengwa vizuri huondoa nusu tu ya uchafu au pungufu, na vimelea vingi hupita. Udongo ndio unaomaliza kazi, na penye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, au penye maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, hauwezi kuimaliza. Hapo maji yanayotoka kwenye matangi yanaweza kukusanywa kwa mabomba membamba, kwa kuwa tope limekwisha kubaki nyuma, na kupelekwa kwenye bwawa dogo au kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete.

Kuhusu vitalu hivyo vya matete, vilivyotokana na majaribio ya Käthe Seidel huko Ujerumani tangu miaka ya 1950, nitasema kwa ufupi kwamba navipenda kwa shule, zahanati na vitongoji vidogo, ila visiuzwe kwa maneno kwamba majani yanakunywa uchafu. Wanaosafisha zaidi ni bakteria waliojishika kwenye kokoto na mizizi. Majitaka yakipelekwa humo bila kutuamishwa kwanza katika tangi, nafasi kati ya kokoto huziba, maji hupanda juu na kitalu hugeuka kinamasi kinachonuka, na dawa yake ni kung'oa kokoto zote na kuziosha.

Nirudi kwenye tope, maana ndilo ambalo nimeona likifichwa katika kila mpango. Tangi hutakiwa kunyonywa kila baada ya miaka 2 hadi 5 kutegemea ukubwa wake na idadi ya watu. Kujua kama wakati umefika hakuhitaji mashine: unafunga kitambaa cheupe, kama taulo kuukuu, kwenye nusu ya chini ya mti mrefu, unauteremsha wima hadi sakafuni mwa tangi, unasubiri kidogo, kisha unautoa polepole. Sehemu iliyogusa tope hutoka nyeusi, yenye chembechembe zilizoshikilia nyuzi za kitambaa, na sehemu iliyogusa maji hutoka na rangi ya chai hafifu. Tope na utando wa juu vikijumlishwa na kufika theluthi ya kina cha maji, ita gari. Wenye nyumba wengi hawapimi. Husubiri choo kirudishe maji, na siku hiyo tope limekwisha kuvuka na kuziba shimo la kufyonzea, ambalo halizibuki kirahisi.

Na gari likija, linakwenda wapi? Nimewahi kuona dereva akifungua bomba lake kwenye korongo nje ya kijiji wakati wa magharibi, na sikuweza kumlaumu kwa dhati, kwa kuwa kituo cha karibu cha kupokea tope kilikuwa mbali kuliko malipo aliyopewa. Kijiji au kundi la vijiji jirani linaweza kujenga vitanda vya kukaushia: mchanga juu ya kokoto, bomba la kutoa maji chini yake, maji hayo yarudi bwawani na tope libaki juu likauke. Ni kazi ya fundi wa kawaida. Tope lililokauka likihifadhiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja penye joto la nyuzi 20 hadi 35, bila kuongezewa jipya, linaweza kutumika shambani kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006. Mwongozo huohuo unakubali majitaka yaliyosafishwa kutumika kumwagilia, ukitaka yasizidi yai 1 la minyoo kwa lita na ukihesabu pamoja kinga nyingine, kama vile kuacha kumwagilia siku kadhaa kabla ya mavuno, kuyapeleka maji kwenye mzizi badala ya jani, na kuosha au kupika mazao. Wakulima hawahitaji kubembelezwa juu ya hilo. Wanaijua nguvu ya maji hayo, na wakinyimwa yaliyosafishwa huyachukua mabichi.

Sasa fedha. Mwanakijiji hulipia maji safi kwa sababu asipolipa koki hufungwa. Majitaka hayana koki ya kufunga. Asiyelipa huendelea kuyatoa, na anayeumia ni wa chini yake. Kwa hiyo mpango wa kukusanya mchango wa majitaka peke yake, nyumba kwa nyumba, hufa ndani ya muda mfupi, na ule wa kutegemea kujitolea hufa mapema zaidi. Mtu hawezi kujitolea kukwangua utando wa majitaka kila asubuhi kwa miaka kumi, na sisi hatuna haki ya kumtaka. Ada ya majitaka iingizwe katika bili ya maji, ndogo na ya kudumu, itenganishwe katika hesabu ya kamati, na sehemu yake iwekwe akiba kwa ajili ya mwaka wa kutoa tope. Mtunzaji alipwe mshahara, apewe viatu vya mpira, glavu na chanjo, na apewe mamlaka ya kumkataza mtu kuelekeza maji ya paa lake kwenye chemba ya bomba la majitaka. Hilo la mwisho si dogo. Mvua kubwa moja, mifuniko ya chemba ikiwa imefunguliwa ili ua ukauke, huingiza bwawani mchanga na maji ya siku nyingi kwa saa chache, na kuwasomba mwani wote.

Serikali za dunia zilikubaliana mwaka 2015, katika lengo la 6 la maendeleo endelevu, kupunguza kwa nusu sehemu ya majitaka yasiyosafishwa ifikapo mwaka 2030. Kwa hofu ya tarehe hiyo miradi mingi itazinduliwa, na kila mmoja utahesabiwa siku utepe unapokatwa. Ningependa wanaoidhinisha miradi hiyo wakubali kipimo kingine: hali yake katika mwaka wa kumi, baada ya mfadhili kuondoka na kamati ya kwanza kumaliza muda wake. Kabla zege halijamwagwa, kijiji kionyeshwe kwa maandishi gharama ya mtunzaji, ya umeme kama upo, ya vipuri, na ya kutoa tope hadi mwaka huo, zikigawanywa kwa kila kaya kwa mwezi, na mkutano mkuu uzikubali au uzikatae ukijua. Zikikataliwa, kichaguliwe kitu kidogo zaidi: matangi yaliyojengwa sawasawa na yenye njia ya gari, na kitanda kimoja cha kukaushia.

Vyovyote itakavyoamuliwa, eneo la mabwawa lipimwe na kuwekewa mipaka mwaka huohuo bomba la maji safi linapofika, hata kama kuchimba kutasubiri. Majitaka hutiririka kwa mteremko bila gharama, kwa hiyo mahali pake ni bondeni, mbali na visima na nje ya njia ya mafuriko, umbali wa kutosha kutoka kwenye nyumba za mwisho, mita 200 au zaidi. Ardhi ya bondeni ni ya bei ndogo, na ndiyo familia changa zisizo na urithi hujengea kwanza. Zikishajenga, kijiji kitakuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kuzihamisha, au kununua pampu ya kupandisha majitaka kilimani, na bili yake ya umeme kila mwezi.

Wako,
Fundi wa mifumo ya majitaka